Zamani Sad Ilikuwa Kushiba

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Ulikula nje kwa hema na watu ama ulikula ndani?"

"Ndani."

"Ndani jikoni kwa mama?"

"Sasa ningefanya aje? Mama wa watu amefiwa, ananiita nikule, nimwambie sina njaa? Na jasho inanitoka hivi?"

"Ungesema umeshakula."

"Wapi?"

"Popote! Ungesema umekula mandazi Malaba. Wewe Protus, hiyo mdomo yako haijawahi kosa kitu ya kusema. Polisi wakikusimamisha unaongea mpaka wanachoka na wewe. Siku moja, siku moja tu nakuhitaji uongee, unaijaza atap."

Atap ni ugali ya Wateso, ile ya wimbi na muhogo, nyeusi, inashika tumbo mpaka kesho yake. Na ni kweli, nilikuwa nimeijaza.

Tulikuwa tumesimama nyuma ya posho mill, mimi na Amuron, Ijumaa asubuhi. Baba yake tulikuwa tumemzika jana yake, Alhamisi. Alikuwa amefunga kichwa na leso nyeusi na macho yake ilikuwa imefura. Mashine ya kusaga unga ilikuwa inapiga kelele upande ule mwingine wa ukuta, kwa hivyo tungeweza kugombana vizuri bila mtu kusikia.

"Sasa unajua wewe ni nani?" akaniuliza.

"Mimi ni Protus."

"Wewe ni kaka yangu."

Wacha nirudi nyuma kidogo, juu hii kitu ukiisikia hivi hivi unaweza kufikiri ni watu walikunywa.

Kwetu ni Namboboto, huko Funyula, mimi ni Msamia. Malaba nilikuja baada ya kutoka shule. Nilitoka form one, term ya pili, na si karo ilinitoa, sitaki kudanganya mtu. Nilichoka kukaa. Mwalimu anaongea, mimi naangalia barabara. Nikakuja nikapakua malori, nikaacha. Nikauza maji kwa madereva kwa foleni, nikaacha. Pikipiki ndio kitu ya kwanza sijaacha, kwa sababu yenyewe pia haikai.

Mama yangu aliolewa tena Uganda nikiwa wa miaka minne. Nyanya akanilea Nangina, halafu nyanya naye akafa. Sisemi hivyo ili mtu anihurumie. Nasema juu itaingia hapo mbele.

Amuron alikuwa mteja wa Jumatatu. Kwao ni hapo tu nje ya Malaba, njia ya kwenda Adungosi, lakini anafundisha Kiingereza shule moja ya watu binafsi huko Matayos, akingoja kuandikwa na serikali. Jumatatu namshusha Matayos, Ijumaa namrudisha. Njia ni ndefu na yeye hapendi kukaa kimya. Alikuwa na dikshenari moja kubwa kama tofali, alinunua Busia kwa wale watu wa vitabu vya mitumba. Hiyo dikshenari haikuambii tu neno maana yake ni nini. Inakuambia limetoka wapi, lilipita kwa nani, na lilikuwa linaitwaje likiwa mtoto.

Basi akawa ananipa neno moja kila Jumatatu. Ijumaa nikimchukua namwambia nimelifanyia nini. Mimi, mtu wa form one nusu, nilikuwa naendesha pikipiki nikitafuna maneno. Wenzangu stejini walikuwa wananiita profesa, na si kwa uzuri.

Mwezi wa saba, tukiwa tumepita Alupe, akaniambia kwa sikio, "Wiki hii nakupa sad."

"Ah, mwalimu, sasa unanidharau. Sad hata mtoto wa nasari anajua. Sad ni huzuni."

"Sasa hivi ndio huzuni. Zamani haikuwa."

"Ilikuwa nini?"

"Kushiba."

Nilicheka mpaka pikipiki ikayumba. Akanipiga ngumi ya mgongo.

"Endesha vizuri! Nakuambia ukweli. Miaka elfu moja iliyopita, Mwingereza akisema mtu ako sad, alikuwa anasema huyo amekula, amejaa, hataki tena. Wajerumani mpaka leo wako na neno linafanana nalo, satt, na kwao bado ni kushiba tu. Hata satisfied ni ya ukoo huo huo."

"Sasa ilitoka aje kwa tumbo ikaenda kwa roho?"

"Pole pole. Mtu ameshiba. Akishiba kupita, amechoka na hicho kitu. Akichoka anakuwa mzito. Wakaanza kuita kitu chochote kizito sad. Hata mkate ukikataa kufura, pahali pengine huko kwao walikuwa wanasema huu mkate ni sad. Halafu wakaenda kwa mtu mwenye uso mzito, mtu hacheki ovyo. Mwisho kabisa ndio wakafika kwa roho nzito."

"Hao watu hawajawahi kulala njaa," nikamwambia. "Mimi nimelala njaa. Njaa ndio huzuni. Mtu ameshiba analia nini?"

"Njaa inaisha ukipata chakula," akasema. "Mtu ameshiba utamsaidia na nini?"

Nikaona hiyo ni maneno ya walimu. Lakini nilienda na hilo neno wiki nzima. Busia stejini kuna mama anaitwa Zulaika anapika mandazi, na asubuhi moja zilikuwa zimekataa kufura, ngumu kama soli. Nikamwambia, "Zulaika, leo mandazi yako iko sad." Akaniambia, "Sad ni uso yako. Lipa uende." Ijumaa nilipomwambia Amuron alicheka mpaka akaniegemea mgongoni, na hakuondoka hapo mpaka tukafika kwao. Ni hiyo siku tuliongea ya kuoana. Yaani mimi niliongea. Yeye alisema, "Desemba. Leta wazee wako wakuje waongee na baba." Mimi nikaenda Namboboto nikatafuta baba zangu wadogo wawili, wakakubali, wakaanza hata kubishana nani atavaa suti gani.

Halafu Agosti mzee Okiria, baba yake, akafa. Sukari ilikuwa imemkula mguu siku nyingi.

Amuron alinipigia simu analia, lakini hata kwa kulia alikuwa amepanga. "Usikuje kama mtu wangu," akasema. "Mtu hajatuma wazee, anaonekana kwa matanga ya baba mkwe mikono mitupu, hiyo ni kututukana. Wataniuliza nilikuwa naficha nini baba akiwa mgonjwa. Kuja kama mtu wa boda. Beba maji. Desemba ikifika tutaanza vizuri."

Nikabeba maji. Jerikeni nne kila safari, kutoka kisimani mpaka kwao, tangu alfajiri. Nilibeba pia viti, nikabeba muhogo, nikabeba nyanya moja ya watu kutoka barabarani, alikuwa analia kwa sauti kubwa na ananiambia nipunguze mwendo, yote kwa pumzi moja.

Safari ya saba hivi, mama yake akatoka jikoni. Anaitwa Asekenye. Mwanamke mrefu, mkavu, sauti yake ilikuwa imeisha ikabaki kama ya mtu anasugua karatasi. Akaangalia jerikeni, akaniangalia mimi.

"Kijana, wewe umekula?"

"Niko sawa, mama."

"Sikuuliza kama uko sawa. Kuja."

Sasa nisikize. Mimi najua ya wakwe. Kwetu Samia mtu hakulangi kwa mama mkwe hivi hivi, hata mkono humpatii. Sikuzaliwa jana. Lakini mwanaume amebeba maji tangu asubuhi, anakataa chakula? Jikoni kulikuwa na wanawake sita, na wanawake wa matanga si wajinga. Wangeulizana, huyu anaogopa nini kukula hapa? Saa hiyo hiyo wangejua. Kwa hivyo nilikula ndio nisijulikane. Hivyo ndivyo nilimwambia Amuron nyuma ya posho mill, na ni ukweli.

Ni ukweli nusu.

Mama aliniketisha kwa kigoda karibu na moto. Akainuka, akatoa bakuli juu ya kabati, ya bati, ya kijani, rangi imebanduka kwa mdomo. Ilikuwa imefunikwa na kitambaa. Akaiosha yeye mwenyewe, akapakua atap, akamwaga mchuzi ya njugu na nyama iliyokaushwa. Wale wanawake sita walikuwa wanaongea, wakaacha. Moto tu ndio ulikuwa unasikika. Mtu yeyote na akili yake angesikia hiyo kimya.

Nikamuuliza, "Mama, hii bakuli ni ya nani?"

Akasema, "Ya Echodu. Kula, mwanangu."

Echodu nilikuwa najua. Ni kaka yake Amuron, mtoto wa kiume wa pekee. Alikuwa turnboy, yaani utingo wa lori, likaanguka njia ya Kampala miaka sita iliyopita. Amuron aliniambia hiyo tukiwa barabarani, mara moja tu, na hakurudia.

Kwa hivyo nilijua. Sheria ya ukoo wao sikuijua, naapa. Lakini nilijua nimekalia kiti ya mtu. Na nikakula. Nilikula juu hakuna mtu ameniita mwanangu tangu nyanya, na mchuzi ilikuwa tamu, na alikuwa amenipakulia kabla ya wazee huko nje. Akaniongeza. Nikamaliza. Akaniongeza tena. Nilishiba mpaka kuinuka ikawa kazi.

Saa nane tukaenda kaburini. Mkubwa wa ukoo ni mzee Ilukor, ndugu ya marehemu, mtu wa koti ya suti na gumboot. Jeneza ikashuka. Akauliza kwa Kiteso, halafu akarudia kwa Kiswahili ndio wageni wasikie:

"Mtoto wa kiume wa hii boma ako wapi? Atupe udongo ya kwanza."

Nilijua hakuna. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, na helmeti mkononi, nikifikiri wataitana mtoto wa ndugu. Nikasikia ile sauti ya karatasi:

"Ako pale. Amekula kwa moto yangu. Amekula kwa bakuli."

Watu wote wakageuka. Wale wanawake sita wakasema eee, ni kweli. Ilukor akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa.

"Wewe ni wa nani?"

Hapo. Hapo ndio mahali. Mdomo yangu, ile ya polisi, ile ya wateja, ilikuwa hapo na meno yake yote. Nikamwona Amuron upande wa pili wa kaburi, anatingisha kichwa kidogo sana, hapana, hapana. Nikamwona mama yake amenyoosha mkono.

Nikaenda. Nikachukua udongo, nikatupa.

Basi ndio maana tulikuwa nyuma ya posho mill tukigombana.

"Kwa ukoo wetu," Amuron akasema, "sijui Wateso wengine, naongea ya kwetu, mama aliyefiwa na mume akilisha mwanaume ndani, kwa moto ya matanga, kwa chombo ya mtoto wake aliyekufa, huyo amemzaa. Ni kama amemtoa tumboni. Hakuna mtu anauliza umetoka wapi tena. Na hakuna mtu anaoa dada yake."

"Si tuwaambie tu sikujua?"

"Kuna njia moja. Kesho ni kunyoa nywele ya matanga. Wembe haijapita, bado hiyo kitu inaweza kufunguliwa. Unakuja na ile bakuli mbele ya watu, unaifunika mdomo chini mlangoni kwa mama, unasema, mimi si wako. Basi. Wembe ikipita, imeisha."

"Niseme hivyo? Kwa mama yako? Kesho?"

"Eee."

"Si wewe useme? Wewe ni msichana wake."

"Kwa bakuli nilikula mimi?"

Mashine ya posho ikazimwa ghafla, na sisi tukajikuta tunapiga kelele kwa kimya. Akashusha sauti.

"Protus. Wewe hukujua hiyo bakuli ni ya nani?"

"Sikujua," nikasema.

Akaniangalia kwa muda. "Sawa," akasema. "Basi kesho itakuwa rahisi."

Ile bakuli nilikuwa nayo. Mama aliniambia niende nayo, ni yangu. Nilikuwa nimeifunga kwa kiti ya pikipiki na mpira, na siku hiyo yote nilikuwa nasikia ikigonga gonga nyuma yangu kila nikipita tuta. Nilimpeleka mteja Busia, halafu nikakaa kwa Zulaika. Nikamwambia kila kitu. Zulaika alisikiza akigeuza mandazi.

"Ajabu," akasema. "Kwetu Waislamu ni maziwa ndio inafanya watu ndugu. Mmenyonya kwa mama mmoja, hamuoani, hata kama mmoja alitoka mwezini. Lakini ugali?"

"Na nyama," nikasema.

"Na nyama. Ulikula sana?"

"Mara tatu."

"Wewe nawe, boss." Akatoa mandazi moja akaniwekea kwa gazeti. "Unampenda huyo msichana?"

"Sana."

"Basi shida iko wapi? Kesho unafunika bakuli, unasema, unaenda. Mama atalia, mama wote hulia. Atazoea."

"Atazoea," nikasema.

"Mbona unasema hivyo kama unameza mchanga?"

Ile mandazi ilikuwa nzuri, imefura vizuri, na sikuweza kuimaliza. Zulaika aliiona, na mara ya kwanza tangu nimjue hakuniambia nilipe.

Jumamosi nilifika mapema. Nilitaka kuongea na mama peke yake kabla ya watu kukaa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu barabarani kama mtoto wa shule. Mama, kuna kitu hukujua. Mama, mimi na Amuron. Mama, sikuja hapa kubeba maji.

Alikuwa jikoni, anapepeta unga. Akaniona na akatabasamu, na hiyo ndio mara ya kwanza niliona meno yake.

"Umekula?"

"Mama, kuna kitu nataka..."

"Kaa kwanza. Angalia." Akanionyesha kikombe ya plastiki, ile ya kupimia unga. "Tangu Echodu aende, mimi hupika ya watu wanne. Mkono inakataa kupima tatu. Mzee alikuwa anagombana na mimi, kila siku atap inabaki, kila siku inapewa kuku. Miaka sita. Alhamisi ndio siku ya kwanza sufuria ilitoka safi." Akacheka bila sauti. "Nikaiosha nikasema, haya, Okiria, umeona? Na yeye ako kwa jeneza."

Nilikuwa nimeshika bakuli kwa kifua.

"Ulikuwa unataka kuniambia nini?"

"Nitakuambia baadaye, mama," nikasema.

Mimi. Nitakuambia baadaye. Mtu hajawahi kungoja kitu.

Saa nne watu wakakaa kwa uwanja. Mama akaketi kwa mkeka mbele ya mlango yake, miguu amenyoosha, beseni ya maji mbele yake. Ilukor akasimama na ile gumboot yake, wembe mpya bado kwa karatasi.

"Leo tunanyoa," akasema. "Wembe ikipita, maneno imefungwa. Aliye na deni na marehemu, aliye na uchungu, aliye na neno na hii boma, aseme sasa. Kesho hatumjui."

Mzee mmoja akasema ya mpaka wa shamba, wakaimaliza haraka. Mwanamke mmoja akaomba msamaha kwa kitu ya zamani ambayo hakuna mtu alielewa.

Amuron alikuwa amesimama karibu na tangi ya maji. Alikuwa amevaa viatu vya safari. Begi yake ilikuwa chini, na juu ya begi ile dikshenari. Nikaelewa. Nikifunika, tunatoka hapo wote wawili, pikipiki iko barabarani. Alikuwa amejipanga kuacha kwao kwa sababu yangu.

Nikainuka na bakuli.

Watu wakaniangalia. Mlango ya mama ilikuwa hatua kama kumi. Nikatembea. Nilifika mbele ya mkeka na mama akainua uso. Nilikuwa nimeshika bakuli kwa mikono miwili, na mikono yangu ikaanza kuigeuza, naapa, niliiona ikigeuka, niliona ile pahali rangi imebanduka ikienda chini.

Mama akaona. Hakuuliza kitu. Hakulia, hakunishika mguu. Alirudisha uso chini tu, akaanza kulainisha leso kwa magoti yake, polepole, vile mtu anafanya akingoja daktari aseme kile anajua tayari.

"Sema, kijana," Ilukor akasema. "Uko na neno?"

Nilikuwa nalo. Maneno matatu. Mimi si wako. Nikafungua mdomo.

Nilifikiria kikombe ya unga. Nilifikiria huyu mama kesho asubuhi, anapima ya wanne, na sasa amebaki peke yake. Na nilifikiria mimi pia, sitaki kujifanya mtakatifu. Nilifikiria vile tangu nyanya sijawahi kuulizwa mara mbili na mtu mmoja kama nimekula.

"Sina neno," nikasema.

Nikaweka bakuli chini, mdomo ikiangalia juu.

Watu wakapumua. Ilukor akafungua wembe. Alimnyoa mama kwanza, nywele nyeupe na nyeusi zikianguka kwa beseni. Halafu akasema mtoto wa kiume akuje, nikapiga magoti. Wembe ilikuwa baridi. Nywele yangu ikaanguka juu ya yake kwa maji hayo hayo, zikachanganyika, na hakuna mtu angeweza kuzitenganisha tena. Sikumwangalia Amuron. Niliangalia maji.

Baada ya hapo chakula ikaletwa. Kwa hiyo boma, siku ya kunyoa, mtoto wa kiume anakula mbele ya watu kutoka kwa mkono ya mama, na akimaliza, dada yake ndiye anamnawisha. Mama akanipakulia. Nikakula. Sijui ilikuwa na ladha gani. Nilikuwa nameza tu, na kila tonge ilikuwa inashuka polepole na kukaa pale ilipofika. Mama akasema, "Ongeza." Nikaongeza. Watu walikuwa wameanza kuongea na kucheka, mwingine akasema huyu kijana atatumalizia muhogo, na mwingine akaanza kutafuta ajon, ile pombe ya wimbi, na mirija ya kuinywea.

Amuron akakuja na jagi na beseni. Akapiga magoti mbele yangu, vile dada anatakiwa kufanya. Leso yake nyeusi ilikuwa imetolewa, na yeye pia alikuwa amenyolewa, sikuwa nimeona saa ngapi. Alikuwa mzuri. Nataka tu niseme hivyo. Alikuwa mzuri bila nywele.

Nikanyoosha mikono. Maji ikashuka.

"Amuron," nikasema polepole. "Ile siku nilijua bakuli ni ya nani."

"Najua."

"Unajua aje?"

"Mama aliniambia ulimuuliza, akakujibu. Aliniambia Alhamisi usiku." Alikuwa anaangalia mikono yangu, anamwaga maji kidogo kidogo, hafanyi haraka. "Nilitaka tu uniambie mwenyewe. Nyuma ya posho mill nilikuwa nangoja."

"Samahani."

"Usiniombe samahani mbele ya watu. Wataona."

Nikanawa. Akanipa kitambaa, ile iliyokuwa imefunika bakuli miaka sita. Nikapangusa mikono. Alikuwa bado amepiga magoti, na niliona anajaribu kukumbuka kile dada husema mwishoni, au anajaribu kukisahau.

"Umeshiba?" akaniuliza.

Nilitafuta kitu ya kusema. Kitu ya kumchekesha, hata ya mandazi. Nilitafuta kila pahali.

"Nimeshiba," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu anapokea jibu. Akaweka jagi chini, akamwaga maji ya beseni kwa nyasi. Akainua begi. Dikshenari akaiangalia, akaiweka juu ya kigoda karibu na mimi, na karatasi moja imekunjwa ndani, sijui ukurasa gani.

"Haya, kaka," akasema, akageuka, akashika njia ya katikati ya muhogo kuelekea barabarani.